Dreni ya shingo ikianza kutoa maji meupe: tafuta chanzo kabla ya kuandika dawa

Baada ya upasuaji wa shingo, dreni, yaani mpira unaotoa maji ya kidonda kwenda kwenye chupa, hutoa maji mekundu, kesho yake ya pinki, na kila kukicha yanapungua. Shida huanza siku ya pili au ya tatu, pale maji yanapoongezeka badala ya kupungua, na rangi yake ikawa kama maziwa yaliyotiwa maji. Mtu wa kwanza kuyaona atasema ni usaha, antibayotiki zitaandikwa, na siku mbili zitapita bila nafuu. Mara nyingi hayo si usaha. Ni limfu, yaani maji ya mwili yanayopita kwenye mifereji yake kurudi kwenye damu, iliyobeba mafuta ya chakula, inavuja kutoka kwenye mfereji uliojeruhiwa wakati wa upasuaji.

Nawaandikia wauguzi na matabibu wa wodi za upasuaji huku Kigoma, na jirani zetu wa Tabora, pamoja na ndugu wanaouguza. Ndugu nawaweka humu makusudi. Katika wodi zetu chakula cha mgonjwa hutoka nyumbani, na kwa tatizo hili sehemu kubwa ya tiba iko mikononi mwa anayepika. Maamuzi ya upasuaji na dozi yabaki kwa daktari wa mgonjwa.

Mfereji wenyewe uko wapi

Mfereji mkuu wa limfu hukusanya limfu ya miguu, tumbo na upande wa kushoto wa mwili. Hupanda kandokando ya uti wa mgongo, huchomoza kwenye shingo upande wa kushoto, hupanda sentimita chache juu ya mtulinga, kisha hujikunja na kumwaga ndani ya vena, pale vena ya shingo inapokutana na ya mkono. Kwa siku moja hupitisha lita 2 hadi 4. Ukuta wake ni mwembamba na unaonyesha hadi ndani, na mgonjwa aliyefunga kabla ya upasuaji huwa hana maziwa ndani yake, kwa hiyo hata mpasuaji mzuri anaweza kuupita bila kuuona.

Ndiyo maana mivujo mingi iko kushoto. Lakini usimwondolee shaka mgonjwa kwa sababu kidonda chake kiko kulia. Takriban robo ya mivujo hutokea upande huo, kwa sababu na kulia kuna mfereji wake mdogo. Walio hatarini zaidi ni waliotolewa mitoki mingi kwa ajili ya saratani na waliofanyiwa goita kubwa iliyoshuka chini. Hata kutoa mtoki mmoja juu ya mtulinga wa kushoto, kama tunavyofanya tukitafuta kifua kikuu au saratani, kunaweza kuacha mvujo.

Maji yamekuwa meupe

Vyanzo vinavyofanana kwa macho ni viwili: limfu yenye mafuta, na usaha. Chota kidogo kwa usafi wa hali ya juu, weka kwenye chupa ya kioo, iache itulie. Limfu yenye mafuta hutandaza utando kama malai juu. Usaha huzamisha machicha chini. Limfu hainuki. Mgonjwa wa limfu siku za mwanzo hana homa na kidonda chake hakijawa chekundu, wakati mwenye usaha utamjua kwa joto la mwili, maumivu na harufu.

Ushahidi wa maabara ni kipimo cha triglaiseridi, yaani mafuta, kwenye maji hayo. Ikizidi miligramu 100 kwa desilita, yaani kama milimoli 1.1 kwa lita, na ikawa juu kuliko ya damu ya mgonjwa huyohuyo, jibu umelipata. Andika kwenye fomu kwamba sampuli ni ya dreni. Bila hivyo maabara wataipokea kama damu, na utabaki unabishana na karatasi.

Kama kipimo hakipo siku hiyo, kuna njia ya wodini inayosaidia sana: ondoa mafuta yote kwenye chakula, kisha angalia. Weupe ukififia ndani ya siku moja au mbili na maji yakabaki ya njano, ulikuwa mvujo wa limfu. Mwaka 1622, Mwitaliano Gaspare Aselli alimpasua mbwa aliyekuwa ametoka kula, akaona nyuzi nyeupe zimetanda kwenye utumbo. Kwa mnyama ambaye hajala, nyuzi hizo hazionekani. Chupa ya dreni inakuonyesha jambo lilelile, bila kumpasua mtu.

Maji si meupe, lakini ni mengi kupita kiasi

Hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Mgonjwa aliyeamka jana kutoka upasuaji, anayekunywa chai ya rangi na uji mwepesi, atavuja limfu isiyo na weupe wowote. Itakuwa ya njano, angavu. Usisubiri maziwa ili uanze kushuku, angalia ujazo. Dreni iliyotoa mililita 80 jana na 300 leo inasema kitu, hata kama rangi ni ya kupendeza.

Pima kila saa 24 kwa saa ileile. Mimi napenda saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya zamu kubadilishana, kwa sababu anayepima ndiye anayekabidhi. Andika ujazo, rangi, na mgonjwa alikula nini jana yake. Safu hiyo ya chakula haimo kwenye chati nyingi. Ichore kwa kalamu.

Vyanzo vingine vya maji mengi ya njano ni majimaji ya kidonda yanayojikusanya chini ya ngozi, ambayo hupungua yenyewe, na mate, kwa mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa koo au koromeo. Mate yananuka, na huongezeka mgonjwa akimeza. Ukishuku mate, mgonjwa asile chochote kwa mdomo mpaka daktari amwone.

Yalishapungua, sasa yameongezeka tena

Ukiniuliza, tisa kati ya kumi nitaanza na sahani.

Mafuta ya kawaida ya chakula, yenye minyororo mirefu, hayaingii moja kwa moja kwenye damu. Hupita kwenye limfu ya utumbo na kupanda kwa mfereji uleule uliotoboka. Kila kijiko kinasukuma limfu zaidi kwenye tundu, na tundu halipati nafasi ya kuziba. Lengo kwa kawaida ni mafuta yasiyozidi gramu 10 kwa siku nzima. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya kupikia, yawe ya alizeti au mawese, kina takriban gramu 14. Kijiko kimoja tu, na mgonjwa ameshavuka posho ya siku.

Sasa fikiria hotpoti inavyoingia wodini Kigoma. Mama mmoja alileta maharage kwa mwanawe. Tulishamweleza tangu juzi kuhusu mafuta, akaitikia vizuri. Nikamuuliza:

"Shikamoo mama. Maharage haya umeyaunga?"

"Marahaba mwanangu. Hapana, sijayaunga, mlikataza. Nimetia mawese kidogo tu yasikae meupe."

Nilipoinua kifuniko, ukingo wa ndani ulikuwa na duara la rangi ya chungwa, lililoanza kuganda pembeni. Mama hakudanganya. Kwake mafuta ni yale ya dukani, ya chupa. Tangu hapo siulizi kama chakula kina mafuta. Nataja kimoja kimoja: mawese, mise (mafuta ya kiini cha chikichi), karanga, nazi, siagi, maziwa, parachichi, kiini cha yai. Na nauliza kuhusu sufuria: sufuria iliyopikiwa sombe, yaani kisamvu, ya mawese jana, ikasuuzwa kwa maji ya baridi, bado ina mafuta ya kutosha kuharibu uji.

Kwa bahati, chakula chetu kikuu ni rafiki wa mgonjwa huyu. Ugali wa muhogo karibu hauna mafuta kabisa. Ugali wa sembe unafaa kuliko wa dona, kwa sababu dona imebaki na kiini cha punje, na mafuta ya mahindi yamo humo. Wali mweupe usiotiwa mafuta, viazi vitamu, ndizi za kuchemsha, matunda isipokuwa parachichi, sukari, vyote ruksa. Ndugu wakitoka Tabora na michembe au matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, na asali, wapokee kwa mikono miwili. Hakuna tatizo hata moja humo. Karanga walizofungasha pamoja, zirudi nao.

Kazi ngumu ni protini, maana inavuja kila siku na muhogo hauna. Maharage ya kuchemsha kwa chumvi, nyanya na kitunguu bila kukaanga yanasaidia. Ute wa yai bila kiini ni mzuri sana. Mayai matatu ya kuchemsha, viini wale watoto. Maziwa ya unga yaliyoondolewa mafuta yanafaa, ila soma kopo, kwa sababu mengi ya madukani ni ya mafuta kamili. Dagaa na migebuka, fahari ya ziwa letu, inabidi wasubiri: wana mafuta yao wenyewe hata wakichemshwa, achilia mbali wakikaangwa. Samaki mwenye nyama nyeupe kama perege, akichemshwa bila ngozi, anaweza kuruhusiwa kipande kidogo mvujo ukiwa mdogo.

Kuna kosa lingine, la watu waliosoma kidogo. Ni kweli kwamba yapo mafuta yenye minyororo ya kati, ambayo huingia moja kwa moja kwenye vena ya ini bila kupita kwenye limfu, na mgonjwa huyu anaweza kupewa kama dawa ya lishe. Ni kweli pia kwamba hutengenezwa kutokana na mafuta ya nazi au ya kiini cha chikichi. Lakini hutengenezwa kiwandani kwa kuchuja sehemu ndogo ya mafuta hayo. Mafuta ya nazi ya sokoni, au mise ya mama muuza sabuni, bado yana asidi nyingi ya minyororo mirefu zaidi, na sehemu kubwa yake itapita njia ileile tunayotaka kuipumzisha. Usimpe.

Ukiwa umekagua chakula na hakina kosa, angalia mwili wenyewe. Mgonjwa aliyefunga choo akijikamua chooni, anayekohoa usiku kucha, au aliyebeba ndoo kusaidia wenzake, anapandisha shinikizo la kifua na tumbo, na limfu inasukumwa juu. Alale kichwa kikiwa kimeinuliwa kama nyuzi 30, apumzike, alainishiwe choo, kikohozi kitibiwe. Watu hulipita hili haraka kwa sababu linaonekana dogo. Nimeona chupa ikishuka baada ya choo kulainishwa tu.

Dreni imekauka ghafla

Usifurahi bado. Mvujo wa limfu huishia polepole; dreni iliyotoa mililita 400 jana na sifuri leo ina uwezekano mkubwa wa kuziba. Kagua kutoka chupa kuelekea kwenye ngozi: je, chupa bado ina nguvu ya kufyonza, au imeingiza hewa na kujaa upepo? Mpira umekunjwa chini ya mgonjwa? Kuna utando mweupe umeganda ndani? Tundu moja la mpira limetokeza nje ya ngozi? Kisha weka vidole juu ya mtulinga. Pakiwa pamejaa na panabonyea kama puto la maji, limfu inakusanyika ndani.

Mpira unaweza kukamuliwa taratibu na anayejua, ukishikilia karibu na ngozi usichomoke. Chupa iliyopoteza mvuto ibadilishwe kwa usafi. Isipofunguka, mwite daktari siku hiyohiyo. Limfu iliyojikusanya huchubua tishu, ngozi iliyofunika kidonda hugeuka nyekundu na ngumu, na inaweza kufa.

Uvimbe wa aina nyingine haungoji hata dakika: unaokua haraka saa za mwanzo baada ya upasuaji, shingo ikawa ngumu, mgonjwa akahangaika, sauti ikabadilika au pumzi ikakoroma. Hiyo ni damu inayobana njia ya hewa. Piga kelele, mwite mpasuaji na mtu wa usingizi, mkalishe mgonjwa, oksijeni. Habari za limfu zitaongelewa baadaye.

Na ndugu msimfunge mgonjwa kitambaa cha kubana shingoni. Bandeji ya kukandamiza hata wapasuaji wenyewe hawakubaliani kuihusu. Ikifungwa vibaya huziba damu ya ngozi bila kuziba tundu.

Anahema kwa shida, shingo haijavimba

Limfu inaweza kushuka kifuani, upande mmoja au pande zote mbili, hata kama shingo inaonekana safi. Mgonjwa anachoka akizungumza, hawezi kulala chali, pumzi upande mmoja hazisikiki chini. Mpeleke eksirei ya kifua. Maji yakionekana, yatolewe na kupimwa triglaiseridi kama yale ya dreni. Mgonjwa huyu si wa kusubiri raundi ya kesho.

Anakula vizuri lakini anadhoofika

Kila lita inayotoka imebeba maji, sodiamu, kloridi, protini, mafuta na chembe nyeupe za kinga. Wiki moja ya mvujo mkubwa inatosha kumwacha mtu na midomo mikavu, mapigo ya kasi, kizunguzungu akisimama, baadaye miguu kuvimba kwa albumini, protini ya damu, kushuka, na maambukizi yanayoingia kirahisi. Mpime uzito kila asubuhi, pima mkojo, omba chumvi za damu na albumini mara mbili kwa wiki au zaidi mvujo ukiwa mkubwa. Kinachotoka kirudishwe, kwa kunywa au kwa dripu, kufuatana na chati. Mlo usio na mafuta ukizidi wiki mbili au tatu, mwili hukosa mafuta ya lazima na vitamini A, D, E na K, kwa hiyo daktari na mtu wa lishe waongezee. Mawese tuliyoyakataza yalikuwa chanzo kizuri cha vitamini A nyumbani, ndiyo hasara yake.

Lini kusubiri, lini kuhama

Chini ya mililita 500 kwa siku, na namba zikishuka, mivujo mingi huziba kwa lishe na mapumziko. Juu ya hapo kwa siku kadhaa mfululizo, au lita nzima kwa siku, mazungumzo ya rufaa yaanze mapema, mgonjwa akiwa bado na nguvu za kusafiri. Usisubiri alegee.

Katikati ya njia hizo mbili ipo okitreotaidi, sindano ya chini ya ngozi, kwa kawaida mikrogramu 100 kila baada ya saa 8. Hupunguza limfu inayotengenezwa utumboni. Inaweza kuleta maumivu ya tumbo na kuyumbisha sukari ya damu, hivyo sukari ipimwe, na itunzwe kwenye friji. Uliza famasia siku mvujo unapogundulika, kwa sababu kuiagiza kunaweza kuchukua muda ambao huna. Kupumzisha utumbo kabisa na kulisha kwa mshipa ni hatua ya hospitali kubwa, sawa na kuziba mfereji kwa ndani kwa kutumia picha. Kurudi chumba cha upasuaji kufunga tundu kunafanyika pia. Wapasuaji wengine humpa mgonjwa malai au maziwa saa chache kabla, kwa utaratibu wa mtu wa usingizi, ili mvujo uwe mweupe na kuonekana.

Rufaa kutoka Maweni, hospitali ya mkoa wetu, kwenda Bugando, Mwanza, au Muhimbili, Dar es Salaam, ni safari ndefu. Kwa reli, Kigoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200. Chupa ikae chini ya usawa wa kidonda muda wote, isifunguliwe njiani na mtu asiyefundishwa, na chati yenye ujazo wa kila siku iende na mgonjwa. Bila chati, kule wataanza kuhesabu upya, siku tatu zimepotea. Mfungashie mihogo ya kuchemsha na ndizi, kwa sababu vinavyouzwa stesheni karibu vyote vimekaangwa.

Kutoa dreni

Usitoe kwa sababu chupa imekauka mgonjwa akiwa bado kwenye mlo usio na mafuta. Arudishiwe chakula cha mafuta kwanza. Namba zikibaki chini ya mililita 30 kwa saa 24, na maji hayajarudi kuwa meupe, ndipo daktari atoe. Kwa yule mama wa maharage, hii ndiyo siku ya sombe ya mawese, na tulimwambia alete kwa agizo.

Akiruhusiwa, apewe tarehe ya kurudi ndani ya wiki moja, na aelezwe kwa maneno yake: uvimbe laini juu ya mtulinga, au kola ya shati kulowa maji meupe, ni kurudi wodini hata kama haumi. Nyumbani watataka kumkanda kwa maji ya moto au kuutoboa kwa sindano. Waambieni wasifanye hivyo, na wakija waje wakikumbuka alichokula siku mbili za mwisho.